Nani Mwenye Mwendo Ule?

Somo juu ya pikipiki za Ngamiani, la kusomwa nyumbani na katika vikao vya sharika

Mtu aingiapo Ngamiani, katika jiji la Tanga, huona upesi mambo mawili. La kwanza ni njia zake: zimenyooka, nazo zakatana moja na moja kama mistari ya daftari la hesabu, na nyingi zaitwa kwa namba tu, Barabara ya Nane, Barabara ya Kumi na Mbili, na kadhalika. La pili ni wingi wa watu njiani: watoto waliotumwa dukani, wazee walioketi barazani, wauza kahawa, akina mama watokao sokoni Mgandini na vikapu vyao, tena waendao kwa baiskeli, maana Tanga imesifiwa siku nyingi kwa baiskeli zake. Jina lenyewe la mahali latukumbusha ngamia, mnyama wa subira, aliyebeba mizigo ya watu bila kumsukuma mtu kando. Lakini siku hizi asikikaye mbele ya wengine wote ni pikipiki.

Katika mji wa njia zinazokatana hivi, kila pembe ni mahali pa kukutana, na ukuta wa nyumba humficha ajaye. Mpanda pikipiki hamwoni mtoto, wala mtoto haioni pikipiki, hata wote wawili wamefika mahali pamoja. Hapo hakuna tena nafasi ya maneno. Kama pikipiki ilikuja polepole, husimama, na mtoto huonywa tu. Kama ilikuja kwa kasi, siku ile nyumba mbili zaingia msiba: nyumba ya mtoto na nyumba ya mpandaji.

Hatuandiki ili kuwatukana vijana wa bodaboda. Wengi wao ni watoto wetu, na wengine ni baba wa nyumba wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Usiku mama ashikwapo na uchungu wa kuzaa, mara nyingi mlango wa kwanza ubishwao ni wa kijana mwenye pikipiki. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, tangu miaka ya 1960, vijana walipochukua watu kwa baiskeli toka mpaka wa nchi moja hata mpaka wa nchi ya pili. Neno la Kiingereza la mpaka likageuka katika vinywa vya watu likawa jina la kazi. Baadaye baiskeli zikafuatwa na pikipiki. Huku Tanzania kazi hii ilienea sana baada ya mwaka 2000, na mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zichukuazo watu kwa malipo. Basi, kazi ni halali nayo ina faida. Tunalouliza katika somo hili ni moja tu: ule mwendo wa kukimbiza, uuao na kuvunja, ni wa nani?

1. Neno tulisemalo matangani

Mtu akifa kwa pikipiki, tukikusanyika kumzika, husikika neno hili: "Ajali haina kinga." Twalisema ili kuwafariji wafiwa, na nia ni njema. Walakini neno hili lina hatari yake. Latufanya tuone kwamba mauti ile ilishuka kama radi, wala hapana mtu aliyeifungulia mlango. Tukisha kulisema, twarudi nyumbani, na kesho yake twapanda pikipiki vilevile, kwa mwendo uleule, kichwa wazi.

Katika Torati imo amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Iko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Mtu ajengaye nyumba mpya aamriwa kuweka ukingo darini, pande zote, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Watu wa Pwani twalielewa jambo hili bila shida, maana tumeziona nyumba za mawe zenye dari bapa, ambapo watu hupunga upepo jioni. Angalieni, ndugu: amri haikusema, "Akianguka, zikeni na kufarijiana." Yasema, "Weka ukingo kabla hajaanguka." Na asiyeweka ukingo hawezi kusema baadaye kwamba ajali haina kinga, kinga ilikuwapo, naye hakuijenga.

Basi, na tuziangalie kingo za barabarani, na kwanza tujue ni anguko gani tunalokingwa nalo.

2. Mnazi usioonekana

Mtu akipanda pikipiki huona ameketi karibu na ardhi. Miguu yake yagusa chini akisimama. Kwa hiyo haogopi kuanguka. Lakini mwendo ni kimo kisichoonekana. Wajuao elimu ya mwendo wa vitu wamekwisha kulipima jambo hili, na hesabu yake ni nyepesi. Mtu agongaye ukuta kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa apata pigo sawa na la mtu aliyeanguka chini kutoka kimo cha mita 6, yaani juu kupita paa la nyumba nyingi za Ngamiani. Kwa kilomita 60, ni kama kuanguka toka mita 14, kimo cha mnazi mkubwa. Kwa kilomita 80, mwendo ambao vijana huufikia katika lami iendayo Pongwe na Segera, ni kama kuanguka toka mita 25, kilele cha mnazi mrefu kabisa.

Hapana mtu mwenye akili awezaye kumwambia mkwezi aliye kileleni, "Ruka tu, ajali haina kinga." Lakini twaketi nyuma ya kijana aliye katika kilele kile kisichoonekana, hana kofia wala sisi hatuna, huku tukizungumza kwa simu.

Tena angalieni jinsi hesabu ile ilivyopanda. Mwendo uliongezeka mara mbili, toka 40 hata 80, bali kimo kikaongezeka mara nne. Ndivyo ilivyo na breki pia. Kwa kilomita 40 pikipiki yapita mita 11 kila sekunde, na kwa kilomita 80 yapita mita 22. Macho yakiona hatari, mkono na mguu hukawia kama sekunde moja kabla ya kushika breki, na katika sekunde ile pikipiki haijapunguza mwendo hata kidogo. Ukijumlisha mita zile na mita za breki yenyewe katika lami kavu, mwenye kwenda kilomita 40 atasimama baada ya mita 20 hivi. Mwenye kwenda 80 atahitaji zaidi ya mita 60, nazo ni zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira cha Mkwakwani. Hayo ni katika lami kavu na breki nzima. Wakati wa masika, lami ikiteleza, au katika njia za ndani zenye mchanga, mita zaongezeka tena.

Na faida ya kukimbia ni nini? Na tupige hesabu hiyo nayo. Safari ya kilomita 6 kwa mwendo wa 40 yachukua dakika 9. Kwa mwendo wa 60 yachukua dakika 6. Basi faida yote ni dakika 3, ikiwa njia ni nyeupe na hapana mahali pa kusimama. Na mjini mahali pa kusimama hapakosi. Mtu apanda toka kimo cha paa hata kimo cha mnazi ili kupata dakika 3, na akifika aendako huzipoteza akitafuta chenji.

3. Habari ya askari mmoja na mganga mmoja

Somo hili watu wa Ulaya nao walijifunza kwa machozi. Huko Uingereza alikuwako T. E. Lawrence, mtu aliyepata sifa kubwa katika vita ya kwanza ya dunia, akipigana pamoja na Waarabu jangwani juu ya ngamia. Alitoka mzima katika hatari zile zote. Baada ya vita akapenda sana pikipiki, tena ziendazo kasi. Tarehe 13 Mei 1935, katika njia ya mashamba katika jimbo la Dorset, alipanda mwinuko, na mbele yake akakuta vijana wawili juu ya baiskeli. Akageuza upesi ili asiwagonge, akatupwa chini, kichwa kikaumia. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei, naye alikuwa na umri wa miaka 46. Yule ambaye ngamia na risasi hazikumwua, aliuawa na pikipiki na njia isiyoonekana mbele.

Miongoni mwa waganga walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa kupasua vichwa. Alishindwa kumponya, lakini hakuridhika kusema kwamba ajali haina kinga. Alianza kuchunguza. Vita ya pili ya dunia ilipoanza, askari wapeleka barua wakawa wengi barabarani juu ya pikipiki. Cairns akahesabu, na mwaka 1941 akaandika kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita wapanda pikipiki na waliochukuliwa nyuma yao waliokufa katika barabara za Uingereza walikuwa 2,279. Akaona pia kwamba wachache waliopata ajali wakiwa wamevaa kofia ngumu hawakufa. Watu saba aliowachunguza waliumia, wakaishi. Mwezi Novemba mwaka uleule jeshi likaamuru kila askari wa pikipiki avae kofia ngumu awapo kazini. Tangu hapo desturi ikaenea polepole katika nchi nyingi.

Siku hizi uchunguzi umekuwa mwingi zaidi. Walipokusanya matokeo ya uchunguzi wa nchi mbalimbali, wataalamu waliona kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki wapatao ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Maana yake, katika watu 100 ambao wangekufa bila kofia, kama 42 wangalirudi nyumbani. Sababu yake si siri. Ubongo ni kitu laini, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kisimamapo ghafula, ubongo haujasimama. Hujipiga katika mfupa na kuchanika. Ndani ya kofia ya pikipiki kuna sponji ngumu inayobonyea, nayo hukipunguza kichwa mwendo kidogo kidogo badala ya kukisimamisha mara moja. Kwa hiyo kofia ya ujenzi haitoshi. Wala kofia isiyofungwa ukanda wa kidevuni haifai, maana huruka kabla ya kichwa kufika chini. Na ile iliyotundikwa mkononi au juu ya tangi ya mafuta yalinda tangi tu.

4. Baada ya pigo

Watu wasikiao habari ya ajali huuliza, "Amekufa?" Wakiambiwa hapana, hushukuru, na habari yaishia hapo. Lakini kwa aliyevunjika, habari ndiyo kwanza yaanza. Fikirini mfano wa kijana mmoja, mwenye mke na watoto wawili. Mfupa wa muundi umevunjika na kutoboa ngozi. Apelekwa Hospitali ya Bombo; huenda akahitaji kupelekwa mbele hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya magonjwa na majeraha ya namna hiyo. Mfupa uliotoka nje huingiwa na uchafu wa barabarani, na ukioza hukawia miezi mingi, na mara nyingine mguu hukatwa. Siku hizo zote hapana safari, hapana shilingi. Pikipiki imeharibika, na tajiri wake adai. Mke auza kitanda, kisha cherehani. Mtoto mkubwa aacha shule ili kuuza maandazi. Nani atakayesema kwamba aliyeumia ni mtu mmoja?

Na aliyeumia kichwa, huenda akapona mwili, ila si yule tena. Husahau, hukasirika bila sababu, hawezi kazi ya hesabu. Mama yake amtazama na kulia kwa siri, maana mwanawe yu hai naye amempoteza.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watu wasio na kitu cha kuwakinga: waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Tena ajali za barabarani ndizo ziuazo watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 kuliko ugonjwa wowote. Twaomba dhidi ya homa na tauni, yafaa. Lakini adui wa vijana wetu hupita mbele ya mlango akipiga honi.

5. Wenye mwendo ule

Sasa turudie swali letu. Mwendo ule ni wa nani? Jibu jepesi ni kusema, "Ni wa kijana." Ni kweli, ni wake, wala hatutamwondolea. Mkono ulioshika mafuta ni wake, na akiendesha baada ya kunywa pombe au kuvuta bangi, au akibeba mishikaki, yaani abiria wawili na watatu nyuma yake, avunja sheria na kuwatia wenzake katika hatari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo kati ya makazi ya watu, na yamtaka mpanda pikipiki avae kofia. Lakini mwendo ule una wenyewe wengine, nao hawashiki usukani.

Wa kwanza ni abiria. Ni mimi na wewe. Tumechelewa kuamka, tumechelewa kutoka, kisha twamgonga kijana begani na kumwambia, "Kimbiza, mwanangu, nimechelewa." Uzembe wetu wa asubuhi twamtwika yeye aulipe njiani. Kijana aendaye polepole twamwita mzito, na siku ya pili twamchagua mwenzake. Hivyo twawafundisha kijiwe kizima kwamba mwenye kiasi hukosa chakula. Kumbe aliye nyuma ana uwezo mkubwa kuliko polisi, maana yeye ndiye mwenye nauli. Akisema, "Polepole, mwanangu, nitakulipa ileile," amejenga ukingo.

Wa pili ni tajiri wa pikipiki. Wengi wa vijana hawapandi pikipiki zao. Kila jioni humpelekea mwenyewe hesabu, shilingi 7,000, au 8,000, au 10,000, kama walivyopatana. Tuseme safari fupi ni shilingi 1,000 na hesabu ni 8,000. Basi safari nane za kwanza si zake; tena kuna petroli, kuna matengenezo. Siku ya mvua abiria ni wachache, na hesabu haipungui. Hapo kijana hukimbia, si kwa kiburi, bali kwa hofu ya jioni. Na baadhi ya matajiri hao ni watu wa sharika zetu, watu wema watoao sadaka. Na wasome Kutoka, sura ya 21, mstari wa 29. Ng'ombe aliyezoea kupiga watu kwa pembe, naye mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, akimwua mtu, neno lile halikuishia kwa ng'ombe, lilimfikia mwenyewe. Ndugu yangu, pikipiki yako yenye breki iliyolika, isiyo na taa wala bima, na hesabu isiyojua mvua, ni ng'ombe huyo. Leo umeonywa.

Wa tatu ni wazazi. Mzazi auza kipande cha shamba ili kumnunulia mwanawe pikipiki, na jambo hilo ni la upendo. Lakini apata fedha ya pikipiki, hapati fedha ya mafunzo, wala ya leseni, wala ya kofia. Kijana afundishwa jioni moja kiwanjani na rafiki yake, na kesho yake ambeba mjamzito. Wahenga walisema samaki hukunjwa angali mbichi. Mtu hampi mwanawe shoka kabla ya kumwonyesha namna ya kulishika.

Wa nne ni sisi sote tukusanyikapo. Siku ya harusi twakodi pikipiki zitangulie, na kijana asimamishaye gurudumu la mbele hewani ndiye tumpigiaye vigelegele. Siku ya kampeni hujazwa mafuta ili zipige kelele. Hata siku ya kumzika mwendesha bodaboda aliyekufa kwa ajali, wenzake humsindikiza kwa mwendo uleule uliomwua, nasi twasimama kando tukisema, "Vijana wana uchungu." Uchungu ni kweli. Lakini je, hapana mzee mmoja wa kusimama mbele ya msafara na kusema, "Wanangu, leo twende kwa mwendo wa jeneza"?

Basi, mwendo ule ni wa wengi. Na kama ni wa wengi, kuupunguza kwawezekana kwa wengi, hata polisi asipokuwapo. Mwaka 2021 serikali ilipunguza faini ya makosa ya bodaboda na bajaji toka shilingi 30,000 hata shilingi 10,000, ili mzigo usiwaelemee wenye kipato kidogo. Ni huruma. Lakini faini ikipungua, dhamiri haina ruhusa ya kupungua nayo.

6. Mambo ya kufanya

Walimu na wazee wa kanisa waweza kuyafundisha haya kwa muda mfupi.

Abiria atoke nyumbani mapema, achague dereva mwenye kofia mbili, avae ya pili na kuifunga. Mwenye kuogopa jasho la wengine au kuharibu nywele zake avae kitambaa safi ndani, au anunue kofia yake mwenyewe. Bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kulazwa. Dereva akikimbia, mwambie mara moja. Asiposikia, shuka na umlipe hata hapo mlipofika.

Tajiri akague breki, matairi na taa kila juma, akate bima, akubali hesabu ndogo siku ya mvua au siku ya ugonjwa, na siku moja katika juma asidai kitu, kijana apumzike.

Dereva apunguze mwendo katika kila pembe, hata kama njia yaonekana nyeupe. Apite mbele ya shule na msikiti na kanisa na soko kama apitaye uani kwa mama yake. Usiku awashe taa. Asipokee simu njiani.

Na ajali ikitokea, kwanza wasimamisheni wenye vyombo vingine, ili pasiwe na ajali ya pili. Msimwinue majeruhi wala kumkalisha, maana huenda shingo imevunjika, na kumkunja ni kumwua. Msimvue kofia kwa nguvu kama apumua vema. Damu ikitoka, bonyezeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpe maji wala chakula, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa. Pigeni namba 112. Ikilazimu kumchukua, wamchukue watu kadhaa juu ya ubao bapa, kichwa na shingo vimenyooka. Msimbane kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Mmoja wa ndugu aende polisi kwa ajili ya fomu ya PF3, wengine wakimwahisha hospitali. Na mtu aliyegonga kichwa akasimama na kusema, "Mimi mzima," msimwache peke yake. Akitapika, akiumwa sana kichwa, au akizidi kusinzia, ni dalili kwamba damu yavuja ndani, naye apelekwe upesi.

7. Neno la mwisho

Amri isemayo usiue twaifundisha watoto tangu wadogo, na kila mmoja wetu hujiona ameishika, maana hajachukua panga. Lakini amri ile haikutaka tu mkono usipige. Yataka pia mkono umlinde jirani katika mwili wake. Mtoto avukaye Barabara ya Kumi na Mbili na chupa ya mafuta ya taa mkononi ni jirani. Kijana aliye mbele yako juu ya pikipiki, ambaye mgongo wake tu ndio unaouona, naye ni jirani.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hizi neno hilo si mfano tena. Nendeni wodini mkaone. Lakini wako waliovunjika guu ambao hawakuambiwa neno na mkuu yeyote, kwa kuwa mkuu mwenyewe alikuwa ameketi nyuma akisema, "Kimbiza." Kesho asubuhi, ndugu, utakapopanda, weka mkono begani pa kijana, useme kwa upole, "Polepole, mwanangu." Dakika tatu utazikosa. Yeye jioni atarudi kwake.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwa nini neno "ajali haina kinga" laweza kutudhuru? Tutasema nini badala yake penye msiba?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe "mnazi usioonekana".
3. Katika usharika wenu ni nani walio na pikipiki za kukodisha? Hesabu zao ni za haki siku ya mvua?
4. Ni pembe zipi za mtaa wenu ambapo watoto huvuka? Mwaweza kufanya nini huko mwezi huu?